Maktaba ya McMillan Nairobi: maswali ambayo watu huuliza kila mara, na majibu yake

Hii McMillan ni ipi hasa? Iko wapi?

Ni lile jengo lenye simba wawili wa mawe mlangoni, pale Banda Street, ukitoka Msikiti wa Jamia ni hatua chache tu. Watu wengi wa Nairobi wamepita hapo mara mia bila kujua ni maktaba, wengine hudhani ni korti, wengine ati ni benki ya zamani. Kama unatoka City Market tembea kuelekea msikitini, ukiona nguzo ndefu na ngazi pana na wale simba basi umefika.

McMillan ndiye yule wa vitabu vya shule?

Hapana. Wale ni Macmillan, kampuni ya Uingereza ya kuchapisha vitabu, hata spelingi ni tofauti. Huyu wetu ni William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis, Missouri, alizaliwa 1872. Pesa ya familia ilitoka kwa baba yake aliyekuwa kwenye biashara ya kuunda mabehewa ya treni, kwa hivyo jamaa alikua akijua kwamba hela ipo, kazi yake ni kutafuta pa kuitumia.

Na alizitumia. 1903 alijaribu kupita Blue Nile kwa mashua, safari ikashindikana, mwaka uliofuata akaingia huku Afrika Mashariki kuwinda na akanogewa akabaki. Akachukua shamba kubwa sana la Juja, ule upande wa Thika, na hapo ndipo Theodore Roosevelt alipofikia 1909 alipokuja na msafara wake wa kuwinda baada ya kutoka urais wa Marekani. Nyumba ya Chiromo hapa Nairobi pia ilikuwa yake wakati fulani, saa hizi ukisikia Chiromo unawaza chuo kikuu tu. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza akajiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kile kilichojaa wazee wa kuwinda na watu wa vituko, na mwaka 1918 Waingereza wakampa cheo cha Sir.

Kimwili alikuwa pandikizi la mtu, mnene na mrefu, na stori za unene wake ni nyingi kuliko stori za kazi aliyofanya.

Kwa hivyo ni yeye alijenga maktaba?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Yeye alikufa 1925 akiwa Ufaransa, jengo halikuwa hata kwenye karatasi. Aliyelijenga ni mke wake, Lucie, yaani Lady McMillan, kama kumbukumbu ya mumewe. Ndio maana jina kamili ni Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan. Mimi nikisikia mtu anasema "mzee McMillan alitujengea maktaba" huwa nasema mpeni mama sifa yake jamani.

Na mama hakulipa peke yake. Shirika la Carnegie la New York lilitia mkono pia.

Carnegie yule wa chuma? Alijuaje Nairobi?

Andrew Carnegie mwenyewe, yule tajiri wa viwanda vya chuma vya Marekani, alikuwa ashakufa tangu 1919, lakini shirika aliloliacha liliendelea kugawa pesa za maktaba sehemu nyingi zilizokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1928 lilituma wakutubi wawili wazoefu kuzunguka Afrika ya kusini, Rhodesia mpaka Kenya waangalie hali ya maktaba, mmoja alitoka Glasgow na mwingine California, wakaandika ripoti. Kwa hivyo Nairobi ilikuwa kwenye ramani yao tayari. Ukiwahi kufika mji mdogo wa Marekani ukakuta maktaba ya zamani yenye nguzo na ngazi mbele, kuna uwezekano mkubwa ni pesa ya huyo huyo Carnegie, na ukisimama Banda Street unaona kabisa ni ndugu wa ukoo mmoja.

Ilifunguliwa lini?

Tarehe 5 Juni 1931, na aliyeifungua ni gavana wa wakati huo, Sir Joseph Byrne, ambaye mwenyewe alikuwa mgeni kazini, ndio mwanzo ameingia mwaka huo huo.

Nairobi ya 1931 ilikuwaje? Si ilikuwa jiji tayari?

Bado kabisa. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na cheo cha jiji ilikipata 1950. Kwa hiyo 1931 tunaongelea mji mdogo wenye miaka thelathini na kidogo, barabara nyingi ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope. Alafu angalia pale pale kwenye kona moja ya mji palikuwa panajengwa nini kwa wakati mmoja: Msikiti wa Jamia ulianza kujengwa 1925 ukamalizika 1933, City Market ilikuwa inainuka miaka hiyo hiyo, na katikati maktaba. Watu wa miji mikubwa huzoea majengo ya zamani yawe yamepishana karne, hapa yote matatu ni rika moja, na bado yanatumika kwa kazi ile ile iliyokusudiwa. Mimi naona hilo halisemwi vya kutosha.

Ni kweli Mwafrika alikuwa haruhusiwi kuingia?

Ndiyo, ni kweli, na si Mwafrika peke yake, hata Mhindi. Ilifunguliwa kama maktaba ya Wazungu. Na si ati kulikuwa na mazoea tu ya kunong'onezana mlangoni, ndivyo ilivyopangwa kuanzia mwanzo, jengo zuri katikati ya mji lakini kwa kikundi kidogo kuliko vyote vilivyoishi kwenye huo mji. Fikiria mtu anaamka asubuhi anatoka Pumwani, mtaa wa Waafrika, anakuja kufagia hizo ngazi, anapangusa meza, anajua rangi ya kila jalada, na hana ruhusa ya kukaa chini asome ukurasa mmoja.

Hali hiyo ilikaa hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Mwaka unaotajwa sana ni 1958, ndio milango ikafunguliwa kwa watu wote, na kwenye miaka hiyo ya kuelekea uhuru maktaba ikawa mikononi mwa baraza la jiji. Kwa hivyo piga hesabu mwenyewe: kutoka 1931 hadi 1958 ni miaka 27. Kizazi kizima kilipita hapo nje kikiangalia simba tu.

Kuna watu hupenda kusema "lakini hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya wakati ule". Sawa, ilikuwa kawaida. Ila kawaida hiyo ilikuwa na walionufaika na walioumia, na ukisimulia historia ya jengo bila kusema nani alikuwa nje, unasimulia nusu.

Sasa wengine walikuwa wanasoma wapi?

Kila mtu na kwake, ndivyo mji ulivyogawanywa, shule, hospitali, mitaa, mpaka vyoo. Wahindi walijichangia wakawa na maktaba zao, kama ile ya Desai Memorial ambayo ilibeba jina la M. A. Desai, mwanasiasa na mtu wa magazeti aliyepigania haki za Wahindi Kenya. Kulikuwa pia na maktaba ya wakfu wa Ismail Rahimtulla.

Kwa Waafrika mambo yalichelewa zaidi. Kulikuwa na vitabu vya misheni na vya shuleni, basi. Mwaka 1948 ikaanzishwa East African Literature Bureau iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, nayo pamoja na kuchapisha vitabu vya Kiswahili na lugha zingine ikawa inasafirisha vitabu ndani ya masanduku kupeleka mashinani, na vingine kwa posta. Yaani sanduku la mbao likifika kijijini ndiyo maktaba imefika, wiki kadhaa baadaye linabadilishwa. Wazee wengi waliosoma miaka hiyo wa pande zote za Afrika Mashariki walipitia mikononi mwa hiyo Bureau, wengine bila hata kujua jina lake.

Ni maktaba ya kwanza Kenya?

La. Mombasa walitangulia, maktaba ya Seif bin Salim ni ya 1903. Watu wa Pwani wakikukumbusha hilo usibishane nao.

Nimesikia ina sheria yake ya Bunge. Maktaba tu?

Ndiyo, ipo, Sheria ya Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, ya mwaka 1938, kwenye vitabu vya sheria za Kenya ni Sura ya 217. Majengo mengine ya kihistoria hulindwa kwa kutangazwa chini ya sheria ya jumla ya makumbusho na turathi, hili lina sheria yake binafsi iliyoandikwa kwa jina lake. Ndio maana ile ardhi, ambayo kwa bei ya katikati ya Nairobi ungetegemea ishakuwa ghorofa ishirini za maduka ya simu, bado ina maktaba juu yake.

Ila tusidanganyane, sheria inaweza kuzuia jengo lisibomolewe, haiwezi kupanda juu ikaziba paa. Ulinzi wa makaratasi ulikuwepo miaka yote hiyo na bado jengo lilichakaa.

Kwa nini linafanana na majengo ya Wagiriki?

Ni mtindo ule wa kuiga mahekalu ya kale ya Ugiriki na Roma, Waingereza na Wamarekani waliupenda sana kwa majengo ya serikali, benki na maktaba. Nguzo zilizovikwa graniti, marumaru, dari iko juu sana, madirisha makubwa ya kuingiza mwanga maana kusoma kwa taa za umeme miaka hiyo si jambo la kutegemea. Ngazi nazo zina kazi yake: unapanda kwanza, ndio unaingia, ujihisi mdogo kidogo kabla hujafika kwenye kitabu. Kwa mtu wa kawaida anayekuja kusoma gazeti hiyo ni vitisho, na kwa mtu wa kiti cha magurudumu ni ukuta kabisa. Uzuri wa jengo naukubali, lakini hizo ngazi sizisifu.

Wale simba wawili wamelala kila mmoja upande wake wa ngazi, na ndio wanapigwa picha kuliko kitu kingine chochote pale.

Ni kweli kuna vitu vya Karen Blixen humo?

Karen Blixen, yule mwandishi Mdenmark wa shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong, alipofilisika akarudi kwao 1931, mwaka ule ule maktaba ilipofunguliwa, aliuza vyombo vya nyumbani na baadhi ya samani vilinunuliwa na Lady McMillan, vikaishia maktaba. Baadaye nyumba yake ilipogeuzwa makumbusho, kule mtaa wa Karen, baadhi vikarudishwa huko. Kwa hivyo ukienda Banda Street kwa ajili ya Blixen utapoteza nauli, nenda Karen.

Ndani kuna nini cha maana siku hizi, au ni vitabu vya zamani tu?

Vitabu vya zamani vipo, vingi, na vingine ukweli ni kwamba havina msaada kwa mtu yeyote isipokuwa mtafiti wa ukoloni, manake rafu zilijazwa na watu waliokuwa wanawaza Uingereza. Lakini hazina yenyewe ni magazeti na kumbukumbu. Kuna magazeti na majarida yanayorudi nyuma mpaka 1899, mwaka ambao Nairobi yenyewe ilizaliwa, na nyaraka za Bunge za miaka na miaka. Kama unaandika tasnifu, au unatafuta habari za ardhi ya babu yako, au unataka kuona siku mji unapata jina fulani la barabara watu walisema nini, hapo ndipo mahali.

Neno kwa ambao hawajawahi kushika gazeti la miaka tisini: yamejalidiwa pamoja kama kitabu kimoja kikubwa, zito, unalilaza juu ya meza huwezi kulishika mkononi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa na ndani yake mna asidi, kwa hivyo kadiri miaka inavyoenda inageuka rangi ya chai na kuwa kavu kama jani la muhindi, ukikunja ncha inakatika na kubaki kidoleni. Geuza ukurasa kwa mikono miwili, kuanzia kona ya juu, polepole, usilambe kidole (najua ni mazoea), na kalamu ya wino iache mfukoni utumie penseli. Alafu usikimbilie habari kubwa pekee. Soma matangazo: meli zinazoondoka Kilindini, bei za ng'ombe, nani anatafuta mpishi. Humo ndimo utamwona Mwafrika wa mji ule, kwenye tangazo la kazi ya mpishi, bila jina, wakati ukurasa wa mbele unaongelea mashindano ya farasi.

Mbona ilichakaa hivyo?

Bajeti. Ukiwa na baraza la jiji lenye takataka za kuzoa, maji ya kusambaza na mishahara ya kulipa, maktaba huwa ya mwisho kwenye foleni, na hii si Nairobi peke yake. Paa likaanza kuvuja, vitabu vikalala kwenye vumbi na vingi vikawa havijaandikwa kwenye orodha yoyote, kwa hivyo hata kama kipo hakuna anayejua kipo, na kitabu ambacho hakipo kwenye orodha ni sawa na kilichoibiwa. Pamoja na hayo kuna wakutubi waliokaa pale miaka mingi wakifungua mlango kila asubuhi, na watoto wa shule hawakuacha kuja, kwa sababu nyumba ya chumba kimoja haina pa kusomea.

Book Bunk ni akina nani? Wamenunua maktaba?

Hakuna aliyenunua kitu, maktaba ni mali ya umma chini ya Kaunti ya Nairobi. Book Bunk ni shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjirũ Koinange, mwandishi wa riwaya, na Angela Wachuka, mchapishaji, wakaingia makubaliano na kaunti kusaidia kufufua McMillan na matawi yake mawili. Kazi yao ya mwanzo haikuwa ya kupigwa picha: kuhesabu, kupanga, kuorodhesha, kuskani nyaraka za zamani ziwe za kidijitali kabla hazijawa unga, na kuuliza watu wa mtaa wanataka nini ndani ya maktaba yao. Majibu yakaenda mbali na vitabu, watu walitaka intaneti, pa kuonyeshea sinema, pa watoto, pa kukaa bila kununua kitu.

Matawi yapi hayo?

Kaloleni na Makadara, yote Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi. Na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wakisema "McMillan" wanawaza tao tu, yaani katikati ya mji, wakati nikiulizwa mimi, hayo matawi ndiyo stori kubwa zaidi.

Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walishika kazi humo. Nyumba za mawe za chini, miti, uwanja, na ule ukumbi wa kijamii ambapo siasa za uhuru zilichemka mpaka watu wakauita bunge. Maktaba yake ni ndogo, haina nguzo, haina simba, unaingia kutoka barazani moja kwa moja. Hiyo ndiyo iliyokarabatiwa kwanza, ikafuata ya Makadara inayoitwa Eastlands Library, ambayo Mfalme Charles aliitembelea Oktoba 2023 alipokuja Kenya. Kuanza na Kaloleni badala ya jengo la tao kulikuwa uamuzi wa busara, maana kazi ni ndogo, unajifunza kwa gharama ya chini, na pia wanaopata kwanza ni wale ambao babu zao walifungiwa mlango kule mjini.

Hii ni sawa na maktaba ya taifa?

Tofauti. Maktaba ya taifa ni KNLS, ilianzishwa kwa sheria ya 1965. McMillan ni ya kaunti. Kadi ya huku haifanyi kazi kule, watu wengi hufika na kadi ya KNLS wakashangaa.

Mzee McMillan alizikwa wapi? Si chini ya maktaba?

Hizo ni hadithi. Alizikwa Ol Donyo Sabuk, ule mlima wengine tunauita Kilimambogo, ng'ambo ya Thika. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini mteremko ni mkali na jeneza lilikuwa zito, gari lililokuwa linavuta likachemka njiani, basi wakamzika pale walipofikia. Lady McMillan alifariki 1957 akazikwa pembeni yake, na karibu yao kuna kaburi la mfanyakazi wao Louise Decker, na la mbwa. Eneo hilo sasa ni hifadhi ya taifa, unaweza kupanda.

Angalia mwaka wa mama tena: 1957. Alikufa mwaka mmoja kabla ya maktaba aliyoijenga kufunguliwa kwa kila mtu.

Jina si libadilishwe?

Mjadala huu hauishi. Wa kubadilisha wanasema jina la mzungu mwindaji aliyejichukulia ardhi halifai kwenye maktaba ya umma. Wa kuliacha wanasema ukifuta jina unafuta ushahidi. Tena jina limo ndani ya sheria kwa hiyo kulibadilisha ni kazi ya Bunge, si ya fundi wa mabango. Msimamo wangu: jina likae, lakini pale mlangoni pawekwe bamba la kueleza waziwazi nani alizuiwa na kwa miaka mingapi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mahali mtu anapopigia picha simba.

Naweza kuingia bila kuwa mwanachama?

Ni maktaba ya umma, mgeni anapokelewa, ila kuazima kitabu kwenda nacho nyumbani kunahitaji uandikishwe. Beba kitambulisho, mtoto aje na mzazi au barua ya shule. Kama unafuata magazeti ya zamani usifike tu ghafla ukategemea kuletewa, ulizia kwanza, andika mwaka na mwezi unaotaka, maana "nataka magazeti ya zamani" si ombi ambalo mkutubi anaweza kulifanyia kazi. Na matengenezo yanaweza kufunga sehemu ya jengo wakati wowote, kwa hiyo kama unatoka mbali, Nakuru au Machakos, uliza kabla hujapanda matatu.

Picha je?

Nje piga utakavyo. Ndani omba ruhusa kwanza, na usiwapige watu wanaosoma.